Kuzuia, Kumezea, Kuliwaza: Kazi ya Mwanafunzi Msaidizi katika Utafiti wa Hisia, Kilwa na Lindi

Katika makala haya nataka kuieleza kazi ambayo haina jina kubwa wala heshima nyingi katika vyuo vyetu, nayo ni kazi ya mwanafunzi msaidizi wa utafiti. Nimeichagua ile inayofanyika katika elimu ya nafsi, ambayo wengi sasa huiita saikolojia, na hasa katika mafunzo ya kuongoza hisia. Mimi si mtaalamu wa elimu hiyo. Ni mwalimu wa isimu. Nimeingia humo kwa mlango wa lugha, kwa kuwa niliombwa kuyapitia maneno ya kijitabu kimoja cha mafunzo hayo kilichokuwa kikitayarishwa kwa ajili ya watu wa pwani ya kusini. Nilipoingia nikaona kuwa neno moja lililokaa vibaya laweza kumfanya mtu mwenye busara aonekane mgonjwa katika hesabu za wataalamu. Na aliyeliona kosa hilo kwanza hakuwa mimi wala mfasiri, bali mwanafunzi wa kike wa mwaka wa tatu, mzaliwa wa Lindi, aliyelipwa kwa siku.

Yafaa kwanza nieleze mafunzo yenyewe. Wataalamu wa elimu ya nafsi husema kwamba hisia haimjii mtu kama mvua, ikamlowesha naye hana la kufanya. Mwaka 1998 James Gross wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani aliandika kwamba zipo hatua tano ambapo mtu aweza kuigeuza njia ya hisia: aweza kuchagua mahali pa kwenda na pa kutokwenda, aweza kulibadili jambo lenyewe, aweza kuielekeza akili yake penginepo, aweza kulitafsiri jambo kwa namna nyingine, na mwisho, hisia ikiisha kufika, aweza kuuongoza mwili na uso wake. Mwaka 2003 yeye na Oliver John wakatoa karatasi ya maswali yenye semi 10 tu, ambazo mhojiwa huzipima kwa namba kutoka 1 hata 7. Sita zahusu kulitazama jambo upya, nne zahusu kuzificha hisia zisionekane. Katika watu waliowachunguza, wale waliozoea kulitazama jambo upya walikuwa na furaha zaidi na masikilizano mema na wenzao. Wale waliozoea kuficha walikuwa na mambo kinyume chake. Kutokana na maarifa hayo na mengine ya jinsi hiyo pametokea mafunzo mengi yenye kuwazoeza watu njia ya kwanza na kuwapunguzia ya pili.

Mafunzo ya namna hii yamekwisha kufika kwetu. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2020, uliofanyika Moshi na Bungoma, watoto 640 waliofiwa na wazazi walishirikishwa, na walioyaendesha mafunzo ya kutuliza hisia na kuzikabili kumbukumbu za msiba hawakuwa madaktari, bali watu wa kawaida waliofundishwa kazi hiyo. Naitaja kazi hiyo ili msomaji ajue kwamba jambo hili si la vitabuni tu. Watu wanakaa, wanafundishwa kwa Kiswahili, na wanapimwa kwa Kiswahili.

Sasa mwanafunzi msaidizi hufanya nini? Yeye ndiye achukuaye barua ya kibali kutoka wilayani hata kwa mwenyekiti wa kijiji. Ndiye asemaye shikamoo katika kila baraza, ndiye asomaye maelezo ya hiari na kusubiri mtu akubali au akatae, ndiye asomaye semi moja moja na kuandika namba. Jioni, taa ikiwaka, huyanakili aliyoyarekodi. Amri aliyopewa ni moja, nayo yajulikana na kila mtu aliyewahi kufanya kazi hiyo: usemi usomwe kama ulivyoandikwa, bila kuongeza na bila kupunguza. Sababu ya amri hiyo ni njema, maana kila msaidizi akieleza kwa maneno yake, majibu hayatalinganika. Lakini ndani ya amri hiyo mna dhana kwamba maneno yaliyoandikwa yana maana ile ile kwa mwandishi na kwa msikilizaji, na dhana hiyo ndiyo iliyoharibika Kilwa Kivinje.

Mwanafunzi wetu alikuwa amekaa na mzee mmoja mvuvi. Usemi ulisema, kwa ufupi, kwamba mhojiwa huzuia hisia zake ili watu wasizione. Mzee akauliza, “Hisia gani, mjukuu wangu? Mimi nahisi leo upepo utageuka.” Mwanafunzi akausoma usemi tena, kwa kuwa ndivyo alivyoamriwa. Mzee akafikiri, kisha akasema, “Ah, kujizuia. Mtu mzima asiyejizuia ni mtoto. Niandikie saba.” Akaandika saba. Lakini chini ya karatasi, kwa kalamu ya risasi, mwanafunzi aliongeza maneno haya: “Babu amejisifu.”

Nimeyasoma maneno hayo mawili mara nyingi. Katika karatasi ile namba 7 ilikuwa dalili ya ubaya. Katika kinywa cha mzee ilikuwa daraja ya heshima. Hakuna mahali pa kuliandikia jambo hilo katika jedwali la hesabu, na kama si ile kalamu ya risasi lisingejulikana.

Tuanze na neno hisia lenyewe. Asili yake ni Kiarabu, na kitenzi chake, kuhisi, katika Kiswahili cha kila siku kina maana ya kupata habari kwa mwili au kwa dhana: mtu huhisi baridi, huhisi homa, huhisi kwamba ameibiwa. Kulitumia neno hisia kwa kuzikusanya hasira, huzuni, hofu, furaha na haya katika kapu moja ni matumizi ya darasani na ya magazeti. Si kosa, lugha yataka neno la jumla, na hilo ndilo tulilo nalo. Lakini mvuvi hakusoma darasa hilo. Kwake kapu hilo huitwa moyo, au roho, na husemwa kwa hali zake: moyo mzito, moyo mweupe, roho juu, roho inaniuma.

Tena kuna jambo la sarufi ambalo watayarishaji wa vijitabu hawalitazami. Katika lugha ambamo semi zile zilitungwa, mtu ndiye mtenda na hisia ndiyo mtendwa: yeye aidhibiti, yeye aibadili, yeye aificha. Kiswahili nacho chaweza kusema hivyo, lakini mara nyingi chapenda kusema kinyume. Hasira zimempanda. Huzuni imemshika. Haya imemjaa. Woga umemwingia. Mtu hapa ni kama chombo baharini, na hisia ni kama upepo. Hata kitenzi kilichozoeleka, kukasirika, kimevaa kiambishi cha hali, wala si cha kutenda. Basi usemi unaoanza na “Nadhibiti hasira zangu kwa…” husikika kama tangazo la serikali. Yanayodhibitiwa katika lugha yetu ni magendo, bei na wadudu waharibifu. Ndiyo sababu mimi nimependelea kusema kuongoza hisia. Nahodha hauzuii upepo, wala haudhibiti, huliongoza jahazi. Najua wapo wenzangu wasioipenda istilahi hii, na hoja yao kwamba kuongoza kumekwisha kujaa maana za siasa ina uzito.

Nirudi kwa mwanafunzi. Baada ya siku ile ya Kivinje alianza kufanya jambo ambalo hakutumwa. Kila alipomaliza karatasi, alifunga daftari la kazi, akafungua la kwake, akamwuliza mhojiwa swali moja kwa Kiswahili cha nyumbani: “Mtu akikuudhi mbele za watu, unafanyaje?” Akayaandika majibu kama yalivyotamkwa, bila majina ya watu. Alipita Kilwa Masoko, akarudi Lindi, na daftari lake likajaa. Nalikuta ndani yake hazina ambayo kwa miaka kadhaa nilikuwa nikiitafuta katika makamusi.

Wengine walisema najizuia. Wengine, najikaza. Wengine, namezea. Wengine, naweka moyoni. Wengine, nasubiri, na wanawake wa makamo, mara nyingi, walisema namstahi. Mtu wa haraka atasema kuwa haya yote ni jambo moja, yaani kuficha. Na karatasi ya maswali, ambayo ni mtu wa haraka kuliko wote, yayajumlisha yote katika namba moja. Lakini tukiyapima moja moja twaona kwamba yanatofautiana pale pale elimu ya nafsi inapotaka kujua.

Kujizuia ni habari ya mkono na ulimi. Aliyejizuia hakupiga, hakutukana; neno hili halisemi lolote juu ya yaliyomo moyoni, na huenda moyo umetulia kabisa. Kujikaza ni habari ya mwili: hisia ipo, machozi yapo karibu, mtu amekaza misuli ili ayashinde, na kila asikiaye neno hili ajua kwamba juhudi hiyo ina mwisho. Kumezea ni neno la mashaka. Kilichomezwa huenda kimekwisha, huenda kimekaa tumboni. Niliwauliza wanafunzi wangu wa pwani, wakagawanyika sawasawa. Kuweka moyoni hakuna mashaka: kilichowekwa kitakuja kutolewa, na jirani zake ni kinyongo, fundo na donge. Kusubiri, au kuwa na subira, kwaingiza wakati na tumaini, na kwa watu wa dini kwaingiza pia Mwenyezi Mungu. Asubiriye hafichi tu, amekwisha kuyapa mambo maana nyingine. Na kustahi hakumhusu mwenye hisia hata kidogo. Anayestahi anailinda heshima ya mwingine. Ameliacha jambo lake kwa ajili ya uso wa mwenzake.

Kwa hiyo tunayo maneno sita, na mawili kati yake, kusubiri na kustahi, ukiyachunguza kwa haki, yako karibu zaidi na kulitazama jambo upya kuliko kuficha. Kuweka moyoni ndiko hasa kunakofanana na lile wataalamu wanaloliogopa. Mzee wa Kivinje, aliyesema saba, alikuwa akisema habari ya kujizuia. Msomaji aone basi jinsi mafunzo yanavyoweza kwenda kombo: yatamkuta mtu ana subira na staha, yatampima, yatamwona ana upungufu, kisha yatamfundisha kuacha.

Wataalamu wenyewe hawakulala katika jambo hili. Mwaka 2007 Emily Butler na wenzake walionyesha kwamba madhara ya kuficha hisia yalipungua kwa wanawake waliolelewa na maadili ya Kiasia pamoja na ya Kizungu, na mwaka 2008 David Matsumoto na wenzake walilinganisha habari za nchi 23 na kuona kuwa kuficha hakuna matokeo ya namna moja kila mahali. Hata hivyo kazi hizo zalinganisha namba na namba. Zauliza kama kuficha kuna madhara yale yale. Haziulizi kama kilichopimwa ni kuficha.

Huenda mtu akasema kuwa dawa ya tatizo hili ipo, nayo ni ile tafsiri ya kurudisha iliyopendekezwa na Richard Brislin mwaka 1970: mmoja anatafsiri kwenda Kiswahili, mwingine asiyeiona asili anarudisha, kisha maandishi mawili yanalinganishwa. Njia hii hukamata makosa mengi, nami naitumia. Lakini haikukamata kosa letu, wala isingeweza. Kuzuia hisia hurudi ng'ambo salama salimini, kwa kuwa wafasiri wote wawili wamesoma shule moja. Wanaelewana wao kwa wao. Aliyeachwa nje ya maelewano yao ni mvuvi.

Upande wa pili wa karatasi nao ulikuwa na lake. Kulitazama jambo upya kulitafsiriwa kwa kubadili mawazo. Hapa hata mtu wa mjini atacheka. Kubadili mawazo kwetu ni kughairi: nilitaka kwenda Mtwara, nimebadili mawazo. Na mawazo, yakisemwa peke yake, ni mashaka na huzuni. Tukisema mama fulani ana mawazo, hatumsifu kwa fikra zake, twamhurumia. Daftari la mwanafunzi lina jibu la mama mmoja wa Lindi aliyeambiwa kwamba akiwa na huzuni abadili mawazo. Alisema, “Niyabadili kwa mawazo gani, mwanangu? Haya niliyo nayo yanatosha.”

Kijitabu kiliwataka washiriki wakae peke yao, wafumbe macho, waangalie pumzi zao. Kuhusu pumzi sikuwa na neno, maana kushusha pumzi kunajulikana kwetu tangu zamani. Kuhusu kukaa peke yao nilikuwa na neno. Katika pwani ile mtu mwenye moyo mzito haachwi peke yake; kumwacha ni kumtupa. Huenda wakaja watu wakae naye bila kusema lolote, na kitenzi cha kazi hiyo ni kuliwaza. Kuliwaza hakumtaki mtu aisahau huzuni, wala aitafsiri upya kwa akili yake mwenyewe. Anaongozwa hadi atulie, na wanaomwongoza ni wengine. Kuna pia utani, ambao Stephen Lucas alikusanya maelezo yake kwa wingi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1970. Mtani huja matangani akaiga mwendo wa marehemu, akadai fedha, akawachekesha wafiwa. Na mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Sijui mafunzo gani ya kuongoza hisia yaliyo makali kuliko hayo: kucheka siku ya kuzika, mbele ya watu, na kulazimika kuona kwamba ni wema umefanyiwa. Hayamo katika zile semi 10, kwa sababu semi zote 10 zaanza na mimi.

Kwamba yawezekana kuanzia kwa maneno ya watu, si ndoto. Mwaka 2008 Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walitangaza karatasi ya maswali 19 ya kuutambua ugonjwa wa sonona, iliyotungwa kutokana na semi za wenyeji badala ya kutafsiriwa. Waliokwisha kufanya kazi kama hiyo wajua kuwa huchukua miaka, na kwamba sehemu kubwa ya miaka hiyo ni ya wasaidizi.

Hapa ndipo pana neno langu kwa wasomaji wa jarida hili. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa bado Chuo Kikuu kishiriki, walikwenda kusini kuwauliza wazee habari za Vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905 katika vilima vya Umatumbi, nyuma ya Kilwa. Waliokuwa wakiisimamia kazi hiyo walikuwa Gilbert Gwassa na John Iliffe. Maandishi ya wanafunzi wale yalihifadhiwa, kila moja likiwa na jina la mwandishi wake, na hata leo mwanahistoria anayataja kwa majina hayo. Kabla ya hapo, mwaka 1957, Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilikuwa imeutoa utenzi wa vita hivyo wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi kuwa nyongeza ya jarida lake. Yaani pwani hii imekwisha kutupa maneno yake kwa mikono ya watu wadogo kwa wakubwa, na mara zile tuliyapokea pamoja na majina yao.

Siku hizi hali ni nyingine. Msaidizi hutiwa katika sentensi moja mwishoni mwa makala, wakishukuriwa kwa pamoja. Daftari lake, kama analo, ni mali ya begi lake. Nami nalijua jambo hili kwa kulionja. Nilipokuwa ng'ambo nikisomea udaktari nilifanya kazi ya usaidizi kwa muda, nikawa nasikiliza kanda na kuandika. Nilipoeleza kwamba neno moja la Kiswahili limefahamika vibaya katika kazi ile, niliambiwa kwa upole kwamba nalipwa kwa kusikiliza. Sikupenda, lakini nilihitaji mshahara, nikanyamaza. Hapana shaka mwanafunzi wangu angelitia hilo katika daftari lake, kisha akaniuliza kama nilimezea au niliweka moyoni.

Nilipowapelekea watayarishaji wa kijitabu maelezo haya, hawakukataa. Walihofu jambo moja tu, kwamba wakibadili maneno hawataweza kuzilinganisha namba zao na za nchi nyingine. Hofu hiyo ni ya haki, nami sikuwa na jibu la kuiondoa yote. Tulikubaliana kwamba semi za asili zibaki kama zilivyo, kwa ajili ya ulinganifu, na baada yake ziongezwe semi nyingine zenye maneno ya daftari: kujizuia mbali, kujikaza mbali, kuweka moyoni mbali, kustahi mbali. Mahali pa kubadili mawazo pakaandikwa kulitazama jambo kwa jicho jingine. Zoezi la kukaa peke yako likawa la watu wawili, mmoja akimliwaza mwenzake. Na pembeni mwa kila usemi pakaachwa nafasi ya msaidizi kuandika alichosikia, akaruhusiwa kuijaza kwa kalamu ya wino.

Kumezea hatukujua pa kukuweka. Mwanafunzi alitaka kuwe na semi mbili, moja ya kumezea kukaisha na moja ya kumezea kukabaki. Mimi niliona kwamba mhojiwa atachoka. Amerudi Kilwa mara ya pili kuwauliza wenyewe, safari hii jina lake likiwa juu ya karatasi.